Jino linauma, ninywe antibiotiki? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni daktari wa kinywa na meno, Tanzania. Maswali haya nimeyasikia kwenye kiti cha matibabu, kwenye benchi la nje wagonjwa wanaposubiri zamu, na kwenye simu za usiku wa manane kutoka kwa ndugu na majirani. Nimeyaandika kwa ajili ya mgonjwa kwanza, lakini muuzaji wa duka la dawa na daktari anayeanza kazi nao watakuta ya kwao. Nimeyapa namba ili nisirudie jambo lililokwisha kuelezwa.

## Mambo ya msingi

1. Dokta, jino linaniuma usiku kucha. Kwa nini nisinywe amoksilini tu nilale?

Kwa sababu haitakupa usingizi. Jino linalokuamsha usiku, linalopwita na kuwaka ukinywa chai ya moto, mara nyingi limeoza mpaka kwenye kiini, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa ya fahamu na ya damu. Kiini kikivimba hakina pa kupanukia, kwa kuwa kimezungukwa na ukuta mgumu wa jino. Ndiyo sababu maumivu yake yanamtoa machozi mtu mzima. Amoksilini ni antibiotiki: kazi yake ni kuua bakteria, haitulizi mgandamizo huo.

Na hao bakteria wenyewe haiwafikii. Dawa unayomeza inasafirishwa na damu, na kiini kikishakufa hakuna tena damu inayoingia ndani ya jino. Bakteria wamejikalia kwenye chumba ambacho njia yake imezibwa. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 40 wenye maumivu ya kiini kilichovimba. Nusu walikunywa penisilini kwa siku 7, nusu vidonge visivyo na dawa. Maumivu yao hayakutofautiana.

Kinachotibu ni mkono: kutoa uozo na kuziba kama kiini bado kinaweza kupona, kufungua jino na kusafisha mizizi kama hakiwezi, au kuling'oa. Kwa cha kufanya usiku huohuo kabla kliniki haijafunguliwa, soma swali la 14.

2. Mbona mwaka jana nilikunywa na maumivu yakaisha kabisa?

Ninakuamini. Mambo matatu huweza kuwa yalitokea. La kwanza, maumivu ya kiini huja na kuondoka yenyewe, na dawa uliyokunywa siku yalipokuwa yanaondoka ndiyo iliyopata sifa. La pili, ulipewa mfuko mmoja wenye amoksilini na diklofenaki, ambayo ni dawa ya maumivu, ukatulizwa na diklofenaki. La tatu, na hili ndilo linalonisikitisha, kiini kilikufa. Jino lililokufa halisikii moto wala baridi, kwa hiyo mwenye jino anadhani amepona.

Bakteria hawakwenda popote. Wanashuka taratibu mpaka ncha ya mzizi, wanakula mfupa, halafu miezi au miaka baadaye unaamka shavu limejaa. Nikiuliza historia, naambiwa karibu maneno yaleyale: "Lilinisumbua mwaka jana, nikanywa kapsuli za rangi mbili, likatulia." Jino hilo mwaka jana pengine lilihitaji kuzibwa tu.

3. Usugu wa dawa unanihusuje mimi ninayeumwa jino tu?

Kapsuli unayomeza haiendi kwenye jino peke yake. Inapita kooni, tumboni na kwenye ngozi, na kote huko inaua bakteria wengi, wakiwemo wale wasio na ubaya. Wachache wanaostahimili hubaki, huzaana, na huweza kuwapa wenzao wa aina nyingine ule uwezo wa kustahimili. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili mwaka 1945 akipokea Tuzo ya Nobel: dozi ndogondogo zinawafundisha vijidudu kuishi na dawa.

Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko pengine kote. Madaktari wa meno tunakadiriwa kuandika takriban asilimia 10 ya antibiotiki zote zinazotumika nje ya wodi. Sehemu kubwa ya hizo hazikuhitajika. Anayeumia ni mama aliyejifungua kwa upasuaji na kidonda chake hakikauki, au kichanga mwenye maambukizi ya damu ambaye dawa ya bei nafuu haimsaidii tena. Anaweza kuwa wa nyumba yako.

## Lini inahitajika na lini haihitajiki

4. Shavu limevimba. Sasa si lazima nipewe antibiotiki?

Inategemea uvimbe umefika wapi. Kama ni kijipu kidogo kwenye fizi kando ya jino, huna homa, unafungua kinywa vizuri na unakula, kinachohitajika ni kutoa usaha na kushughulikia jino lenyewe. Usaha ukitoka, mwili humaliza kazi iliyobaki.

Antibiotiki inaingia pale maambukizi yanapotoka kwenye jino na kuanza kusambaa mwilini: homa, mwili kuishiwa nguvu, tezi za shingo kuvimba na kuuma, shavu zima kujaa na kuwa gumu, taya kuanza kukaza. Inaingia pia kwa mgonjwa ambaye kinga yake ni dhaifu kweli (swali la 20). Hata hapo dawa haiendi peke yake. Usaha uliojifungia hauna mishipa ya damu ndani yake, kwa hiyo dawa huzunguka nje ya jipu huku katikati mambo yakiendelea vilevile. Ninapoandika antibiotiki, niwe nimetoa usaha siku hiyohiyo, au niwe nimepanga saa ya kuutoa.

5. Dalili zipi nisisubiri hata kesho asubuhi?

Nenda hospitali yenye huduma ya dharura, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya hizi:

- uvimbe chini ya kidevu au shingoni, hasa ukiwa pande zote mbili
- ulimi kuinuliwa juu, mate kuchuruzika kwa sababu huwezi kumeza
- sauti kubadilika kama mtu mwenye kitu cha moto mdomoni, au kupumua kwa shida
- kinywa kushindwa kufunguka
- jicho kuzibwa na uvimbe wa shavu
- homa kali yenye kutetemeka au kuchanganyikiwa

Mwaka 1836 daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza maambukizi yanayojaza sakafu ya kinywa na kuziba njia ya hewa, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Chanzo chake mara nyingi ni gego la chini lililooza. Mgonjwa anaweza kufa kwa kukosa pumzi kabla ya kufa kwa bakteria. Huyo anahitaji antibiotiki za mshipa, kulindwa njia ya hewa na kupasuliwa, vyote kwa pamoja. Nimewahi kumpokea kijana aliyekaa siku tano nyumbani akibadilisha kapsuli, kila duka likimpa aina mpya. Alipona, lakini alipona baada ya kutobolewa tundu la kupumulia shingoni.

6. Nimeambiwa jino lenye usaha haling'olewi mpaka nikaushe usaha kwa dawa wiki nzima. Ni kweli?

Si kweli, na ningependa imani hii ife, maana imetia mizizi hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya. Mgonjwa anakuja na jipu, anapewa dozi ya siku 7, anaambiwa arudi. Akipata nafuu harudi, kwa sababu nauli ni nauli na kibarua hakimsubiri mtu. Baada ya miezi miwili jipu limerudi, na tunaanza upya na dozi nyingine.

Kung'oa jino lenye usaha ndiyo tiba ya usaha wenyewe. Tundu linalobaki ni mlango wa kutokea uchafu, na chanzo kimeondoka. Hofu ya zamani ilikuwa kwamba kung'oa kutasambaza maambukizi. Kinachosambaza ni kuchelewa.

Kuna shida moja ya kweli: ganzi hushika vibaya kwenye nyama yenye usaha, kwa sababu tindikali ya eneo hilo inaidhoofisha. Daktari hulikwepa kwa kuchoma ganzi mbali na jipu, kwenye mshipa wa fahamu unapoingilia taya. Kama taya limekaza kiasi kwamba vifaa haviingii, au mgonjwa ni mahututi, hapo tunaweza kutuliza hali kwanza kwa saa kadhaa au siku moja mbili, kwa uangalizi. Hilo ni tofauti na "nenda urudi wiki ijayo".

7. Nimeng'olewa jino na sijapewa antibiotiki. Daktari amesahau?

La, hajasahau. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida, kung'oa jino hakuhitaji antibiotiki kabla wala baada. Kinywa kina damu nyingi na vidonda vyake hupona haraka. Ng'ata pamba kwa nusu saa, usisukutue siku ya kwanza, usivute sigara. Kuanzia siku ya pili sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Maumivu makali yakianza siku ya pili au ya tatu, tena na harufu mbaya, huenda bonge la damu limetoka na mfupa umebaki wazi. Watu huita "tundu limeingia wadudu". Hilo nalo si la kapsuli: rudi lisafishwe na kuwekwa dawa ndani, utapata nafuu siku hiyohiyo.

8. Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Ninywe nini?

Usinywe kitu. Damu hiyo inatokana na ugaga uliogandamana kwenye shingo za meno, na hakuna kidonge kinachoyeyusha ugaga. Nenda ukasafishwe, kisha piga mswaki vizuri mara mbili kwa siku, hata kama fizi zitatoka damu siku za mwanzo.

Hali moja ni ya pekee: fizi zinauma ghafla, ncha zake kati ya meno zimekatika kama zilizotafunwa, kinywa kinanuka vibaya sana. Hayo ni maambukizi yanayoua nyama ya fizi, nasi huyatibu kwa kusafisha pamoja na metronidazoli kwa siku chache. Kwa mtu mzima, pima na VVU, kwa sababu huenda ndiyo dalili ya kwanza.

9. Gego la mwisho linaota na nyama ya juu yake imevimba.

Chakula kimenasa chini ya kifuniko cha nyama. Tunaosha chini yake kwa maji ya chumvi au dawa ya kusukutulia, na wengi hupona kwa hilo. Antibiotiki ni kwa mwenye homa au aliyekazwa taya. Likirudia mara kwa mara, piga picha ya eksirei lipangiwe kung'olewa.

## Dawa yenyewe

10. Amoksilini ni ya kawaida mno. Kwa nini usiniandikie kali zaidi, au sindano?

Dawa "kali" maana yake si dawa bora kwa jino lako. Bakteria wengi wa meno wanaitii amoksilini vizuri, ni ya bei nafuu, na inajulikana madhara yake. Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumika kwanza, za kutumika kwa tahadhari, na za akiba. Amoksilini na metronidazoli ziko kundi la kwanza. Azithromaisini, siprofloksasini na sindano ya seftriaksoni ziko kundi la pili. Seftriaksoni inahitajika wodini kwa homa ya uti wa mgongo na sepsisi, yaani maambukizi makali yaliyosambaa mwilini. Kuichoma kwa sababu ya gego ni kuipunguzia nguvu bure.

Ule mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini, unaopendwa sana madukani kwa meno, hauna faida ya ziada hapa. Kloksasilini inalenga bakteria wa majipu ya ngozi.

Mwezi Septemba 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumika kwa binadamu duniani zitoke kundi la kwanza. Kwa meno tunaweza kuzidi hapo kwa urahisi.

11. Kwa nini wengine huongezewa metronidazoli, na je, kweli pombe hairuhusiwi?

Metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, inaua bakteria wasiohitaji hewa, wanaoishi ndani ya majipu. Inaongezwa kwenye maambukizi yanayosambaa au amoksilini inaposhindwa. Haistahili kuandikwa kila mara kama pacha wa amoksilini. Pombe iache unapoitumia na kwa siku mbili au tatu baada ya kidonge cha mwisho, maana inaweza kukuletea kutapika na moyo kwenda mbio. Kama unatumia wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, sema kabla hujaandikiwa: metronidazoli huiongezea nguvu, na unaweza kutoka damu isiyokatika.

12. Siku ngapi? Na si tumefundishwa tumalize dozi?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unashauri siku 3 kwa maambukizi ya meno kama chanzo kimeshughulikiwa, na siku 5 kama bado. Wengi wetu tulizoea kuandika 7, na hakuna ushahidi kwamba siku za ziada zinasaidia mtu ambaye jino limeshatoka.

Somo la "maliza dozi" lilikuwa na nia njema, lakini lilisambaa likiwa nusu. Kadiri dawa inavyokaa mwilini bila kazi ndivyo bakteria wengine wanavyojifunza usugu. Kwa hiyo fuata siku ulizoandikiwa na usiache kwa uamuzi wako. Ila daktari akikupigia siku ya tatu, akakukuta huna homa na uvimbe umeshuka, akasema acha, muelewe. Hajakosea. Ruhusa hii ya kuacha mapema isikuguse ukiwa kwenye dawa za TB: zile zina ratiba yake na haikatwi.

13. Hela imeniishia. Naweza kununua vidonge sita tu?

Nakuelewa, na sitakulaumu. Lakini tufanye hesabu pamoja. Vidonge sita leo, sita wiki ijayo, diklofenaki katikati, siku mbili bila kwenda kazini: fedha hizo katika hospitali nyingi za serikali zinakaribia au kuzidi gharama ya kung'oa jino. Nusu dozi inakuachia jino, maumivu na bakteria waliozoea dawa. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, iwe matibabu ya jino. Mwambie daktari wazi hali yako. Tutatafuta njia inayowezekana, na mara nyingi hutahitaji kununua dawa yoyote zaidi ya ya maumivu.

14. Basi usiku huu niumie tu?

Hapana. Kwa mtu mzima mwenye afya, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli gramu 1 (vidonge viwili vya 500) hutuliza maumivu ya jino vizuri kuliko kila moja peke yake. Kula kitu kwanza. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24, na uangalie usiinywe mara mbili kwa majina tofauti ya kibiashara. Ibuprofeni na diklofenaki ni ndugu, usizichanganye. Zikwepe zote mbili kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa hizo, au ni mjamzito (swali la 17). Lala kichwa kikiwa juu kidogo, safisha tundu chakula kisikae, kisha asubuhi nenda kliniki.

15. Kufungua kapsuli na kujaza unga kwenye tundu la jino?

Usifanye. Unga haupenyi mpaka kwenye mzizi, unachoma fizi na kulea usugu palepale. Maji ya betri ni hatari zaidi, nimeona midomo iliyoungua. Karafuu inatia ganzi kidogo kwa muda. Haidhuru ukiigusisha tu, lakini haiponyi.

## Wenye hali maalumu

16. Nina aleji ya penisilini.

Tueleze ilikuwaje. Vipele vya kuwasha mwili mzima, kuvimba midomo au kubanwa pumzi ndani ya saa moja ni mzio wa kweli: hutapewa amoksilini wala ampisilini, na tutachagua dawa ya ukoo mwingine. Kichefuchefu au kuharisha ni madhara ya kawaida, si mzio. Nchi zilizopima zimeona kwamba zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanaojiandika wana aleji ya penisilini hawana. Hilo lithibitishwe hospitalini, usijijaribu nyumbani.

17. Mimi ni mjamzito. Nisubiri nijifungue?

Usisubiri. Kuziba, kung'oa na kutoa usaha kunafanyika wakati wa ujauzito, na sindano ya ganzi tunayotumia ni salama. Miezi ya katikati ndiyo rahisi kwako kukaa kitini, lakini jipu halingoji kalenda. Antibiotiki ikihitajika, amoksilini inafaa. Doksisaiklini na ndugu zake usitumie, zinaharibu rangi ya meno ya mtoto yanayojengeka tumboni. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki ziache, hasa kuanzia wiki ya 20. Anayenyonyesha anaweza kutumia amoksilini.

18. Mtoto wangu ana homa na anaharisha, naambiwa ni meno. Nimpe antibiotiki ya maji?

Mama, kuota kwa meno kunaleta udenda na kusumbuka, hakuleti homa kali wala kuharisha. Homa apimwe malaria na magonjwa mengine siku hiyohiyo. Na usikubali ang'olewe "meno ya plastiki". Vile vivimbe vyeupe kwenye fizi ni chonge zake halisi zikiwa bado changa. Wanaozichokonoa kwa vifaa vichafu wamesababisha watoto kutoka damu, kupata pepopunda na kuharibika meno ya ukubwani.

Mtoto mwenye jino lililooza anatibiwa jino, na dawa ikihitajika inapimwa kwa uzito wake, si kwa vijiko vya kukisia. Jambo moja la kukimbilia: mtoto aliyedhoofika, pengine ametoka kuugua surua, akitokewa na kidonda kwenye fizi kinachonuka na shavu kuanza kuvimba au kuwa jeusi. Hiyo yaweza kuwa noma, ambayo Desemba 2023 iliingizwa kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Hapo antibiotiki ya mapema, pamoja na chakula na usafi wa kinywa, inaokoa uso na maisha.

19. Nina ugonjwa wa moyo. Je, ninywe kabla ya kung'oa?

Si kila ugonjwa wa moyo. Shinikizo la damu halimo. Walio kwenye hatari kubwa ni wenye valvu (mlango wa moyo) ya bandia, waliowahi kupata maambukizi ya ndani ya moyo, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro kubwa za moyo. Hao hupewa dozi moja tu, kwa kawaida amoksilini gramu 2 kwa mtu mzima, nusu saa hadi saa moja kabla ya kazi inayotoa damu. Mwaka 2021 Chama cha Moyo cha Marekani kiliacha kushauri klindamaisini kwa kazi hii kwa sababu ya madhara yake.

Huku kwetu wapo wengi wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ambazo hazijabadilishwa. Miongozo ya nchi haifanani juu yao, kwa hiyo njoo na kadi yako ya kliniki ya moyo, tuzungumze na daktari wako. Na kama unachomwa penisilini kila mwezi, sema: bakteria wa kinywa chako huenda wameizoea, tutachagua dawa nyingine.

20. Nina kisukari. Au naishi na VVU.

Sukari ikiwa imedhibitiwa, au ukiwa unatumia ARV vizuri na kinga iko juu, unatibiwa kama mtu mwingine. Sukari iliyopanda sana au kinga iliyoshuka ni habari nyingine, hapo tunaanza antibiotiki mapema. Kumbuka pia kwamba jipu lenyewe hupandisha sukari, na huwa inashuka jino likitoka.

21. Antibiotiki inaharibu vidonge vya uzazi wa mpango?

Amoksilini na metronidazoli haziharibu. Rifampisini ya TB ndiyo inayoharibu. Ukitapika au kuharisha sana, tumia kinga ya ziada.

## Dukani, zahanati na kwa daktari

22. Duka la mtaani wananiuzia bila cheti. Kosa liko wapi?

Maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yameruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, amoksilini ikiwemo, ili vijiji vyenye duka bila famasi visikose dawa. Ruhusa hiyo haikufuta cheti. Dada au kaka wa dukani hawezi kuona ndani ya jino lako. Kwa wauzaji: mtu akija na maumivu ya jino bila uvimbe wala homa, muuzie dawa ya maumivu na umwelekeze kliniki. Akija na dalili za swali la 5, usimuuzie kitu, mtafutie usafiri.

23. Kijijini hatuna daktari wa meno. Tufanyeje?

Anza zahanati. Mganga anaweza kutuliza maumivu, na kama kuna homa na uvimbe unaosambaa anaanza amoksilini na kuandika rufaa hapohapo. Dawa hiyo ni ya kukusindikiza njiani. Homa ikishuka endelea na safari, kwa sababu jino bado lipo. Uliza pia siku ambazo tabibu wa meno wa wilaya hutembelea kituo chenu cha afya.

24. Daktari kaniandikia bila hata kunifungua mdomo. Nimuulize nini?

Muulize kwa heshima: "Dokta, ni maambukizi gani tunayotibu? Na jino lenyewe tunalifanyaje?" Una haki ya kujibiwa.

Nilipokuwa intani, yaani daktari wa mafunzo, mimi mwenyewe niliandika amoksilini, metronidazoli na diklofenaki kwa karibu kila aliyeng'olewa, kwa kuwa ndivyo nilivyowakuta wakubwa wakifanya na foleni ilikuwa ndefu. Hakuna aliyeniuliza sababu. Siku hizi naandika kwenye faili sababu ya kila antibiotiki, na pale sababu inapokosa kuandikika, dawa nayo siandiki. Kwa daktari mwenzangu: mgonjwa anayedai kapsuli mara nyingi anachotaka ni kuhakikishiwa kwamba maumivu yatakwisha. Mweleze, mpe dawa ya maumivu ya kutosha, mpe na namba ya kupiga.

25. Siku ya tatu sasa ninakunywa na uvimbe haujashuka. Nibadilishiwe dawa?

Rudi kliniki leo. Mara nyingi dawa haijashindwa. Usaha bado umo ndani, au jino lililotibiwa silo. Kwanza tutatafuta hilo, ndipo tufikirie kubadili dawa, na ikiwezekana tuchukue usaha upelekwe maabara. Ukianza kuharisha sana, hasa kukiwa na damu, acha dawa na uonane na daktari. Hiyo inaweza kutokea hata wiki kadhaa baada ya kumaliza.

26. Vidonge vilivyobaki nivifanyeje?

Usimpe jirani wala usimwekee mtoto akiba. Virudishe famasi inayopokea. Kama hakuna, vitoe kwenye pakiti, vichanganye na majivu au majani ya chai yaliyotumika, funga kwenye mfuko, weka kwenye taka mbali na watoto. Usivitupe chooni wala mtoni.